Fungueni Kabati: Barua kwa Walimu na Wazazi wa Moshi

Wanangu walimu wa shule za msingi hapa Moshi, na ninyi wazazi mnaotukabidhi watoto getini kila asubuhi,

Salaam nyingi. Nimestaafu, chaki nimeiweka chini, lakini wiki iliyopita nimeona jambo ambalo siwezi kulinyamazia.

Nilialikwa shule moja, jina lake silitaji, kuona vitabu vya hadithi walivyopewa na wafadhili. Vitabu vizuri kweli, vya Kiswahili, vyenye picha za rangi. Vimepangwa kwenye kabati la vioo ofisini, na kabati lina kufuli. Nikiwa pale akaingia binti wa darasa la tatu aliyetumwa kuleta madaftari. Akayaweka mezani, akasogea kwenye kabati, akalaza kichwa begani ili asome majina yaliyoandikwa ubavuni mwa vitabu. Midomo inacheza, kidole kinafuata herufi juu ya kioo. Akaambiwa asiguse, ataacha alama. Akatoka.

Nikauliza vinaazimwa siku gani. "Mwalimu, bado hatujaanza. Watoto wa siku hizi watavichana." Vimo humo tangu mwaka jana!

Vichanike basi! Gundi ipo, sindano na uzi vipo. Mfadhili hakuvileta vije kupamba ofisi. Na hiyo si shule moja tu, ninyi wenyewe mnajua. Ziko shule vitabu bado vimo kwenye maboksi, vinasubiri mgeni rasmi. Mkaguzi akija, boksi linafunguliwa, akiondoka, linafungwa. Halafu tunakaa kwenye vikao tunalalamika kwamba Mtanzania hasomi. Atasomaje, na ufunguo anao mwalimu mkuu, na mwalimu mkuu yuko semina?

Niwaambie nilichokiona kwa wenzetu. Miaka ya 80 baba watoto wangu alipata nafasi ya masomo Marekani, tukaenda naye, mimi na mtoto wetu wa kwanza ambaye ndiyo kwanza anaanza shule. Kule kulikuwa na kipindi cha televisheni cha watoto kiitwacho Reading Rainbow, kilichoanza Julai 1983 kwenye PBS, televisheni yao ya umma. Kilikusudiwa hasa likizo ndefu ya kiangazi, maana mtoto akikaa miezi ile bila kusoma hurudi darasani amerudi nyuma. Mtangazaji wake alikuwa LeVar Burton, yule kijana aliyeigiza Kunta Kinte, Mwafrika aliyeuzwa utumwani, kwenye tamthilia ya Roots mwaka 1977.

Kipindi kile hakikufundisha a, e, i, o, u. Kilichukua kitabu kimoja, kikasomwa kwa sauti huku picha zake zikijaa skrini, kisha Burton akatoka kwenda kuona kwa macho yake jambo linalozungumzwa kitabuni: leo yuko kwa wafuga nyuki, kesho yuko kwenye volkano. Mwishoni wakaja watoto wenyewe. Watoto wa kawaida tu, pengine meno ya mbele hayapo, kila mmoja na kitabu mkononi, anawaeleza wenzake kwa nini wakitafute. Burton alikuwa akisema kila mara kwamba msimwamini yeye tu, wasikilizeni hawa.

Siku moja ikasomwa hadithi ya Wanandi, jirani zetu wa Kenya, kwa sauti ile nzito ya James Earl Jones. Mchungaji Ki-pat amesimama kwa mguu mmoja kwenye nyika ya Kapiti, ng'ombe wake wana njaa na kiu, wingu limetanda lakini halinyeshi. Anatengeneza mshale kwa unyoya wa tai, analitoboa lile wingu, mvua inashuka. Mwanangu akanigeukia, "Mama, hao ni wa kwetu!" Kesho yake alinivuta mkono hadi maktaba ya mtaa, tukakiazima kitabu, na tulipokirudisha akakiazima tena.

Tuliporudi Moshi, huku Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 70, sisi tulisubiri hadi 1994. Kwa hiyo msiniambie habari ya vifaa. Nilichukua lile la mwisho, la watoto kuvisemea vitabu, nikalipeleka darasani kwangu Ijumaa, kipindi cha mwisho. Mtoto anasimama, anasimulia alichosoma, akifika panaponoga anakatiza, anakaa. Darasa zima, "Malizia!" Hamalizii. Baada ya hapo ni kugombania kitabu. Vilikuwa vichache, vikazunguka mpaka majalada yakadondoka, tukavivalisha magazeti kwa gundi ya unga wa ngano, vikaendelea kuzunguka.

Najua mnabanwa na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na wengi wenu mnaifanya kazi hiyo kwa moyo, Mungu awabariki. Mtoto wa darasa la pili anasoma sentensi yake bila kukwama. Je, baada ya sentensi ile, asome nini? Kile kipindi cha Burton nacho kiliangukia hapo hapo. Vipindi vipya viliacha kutengenezwa mwaka 2006, na Agosti 2009 kikatolewa hewani, baada ya vipindi zaidi ya 150, kwa kukosa fedha za kulipia haki za kukirusha. Fedha zilikuwa zimeelekezwa kwenye vipindi vya kufundisha herufi na sauti zake. Kumfundisha mtoto namna ya kusoma kulipata mlipaji. Kumfanya atamani kusoma hakukupata.

Mengine nayataja tu. Msimpe mtoto kitabu kama adhabu. Someni na ninyi, wawaone. Msimkatize kila anapokosea. Na punguzeni lile swali la "hadithi hii inatufundisha nini", mwacheni mtoto acheke kwanza.

Sasa wazazi. Mwaka 2014 Burton aliomba mchango mtandaoni ili akirudishe kipindi kupitia intaneti. Watu zaidi ya 100,000 wakachanga zaidi ya dola milioni 5, na wengi wao walikua wakikitazama. Wazazi wangu, kuchanga sisi tunajua kuliko wao! Kipaimara kina kamati, sendofu ina kamati, harusi ina kamati, na mweka hazina anapiga simu saa nne usiku kukumbusha ahadi. Kadi ya mchango wa vitabu sijaletewa hata moja. Maktaba ya mkoa ipo hapa mjini, chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, na mnaipita mkienda zenu sokoni, mtoto mkononi. Mwingizeni siku moja. Mtoto anashikishwa simu ili anyamaze, halafu akifika darasa la sita mnaniuliza mimi mbona hapendi shule.

Desemba mnapanda nyumbani wote, kutoka Dar, Dodoma, Mwanza. Magari yanajaa kreti za soda, mchele na nguo za Krismasi. Naomba kila gari lipakie na kitabu kimoja cha hadithi cha Kiswahili. Vipo, Mradi wa Vitabu vya Watoto umekuwa ukisaidia kuvichapisha tangu 1991. Mkabidhini mwalimu wa darasa, na kabla hamjaondoka mumuulize kitaanza kuazimwa lini.

Nanyi walimu, kama tatizo ni mtu wa kusimamia, niiteni. Alhamisi mchana nina nafasi. Nitakuja na daftari la kuazimishia na kalamu yangu, ninyi mje na ufunguo.

Ni mimi mama yenu,
Mwalimu mstaafu, Moshi