Namba ya PD-L1 kwenye majibu ya saratani ya tumbo

Ndugu wa wagonjwa wanaochukua majibu kwetu maabara mara nyingi hukwama kwenye mstari mmoja: “PD-L1, CPS 10.” Kisha wanatuuliza, je, mzee atapona? Namba hiyo haina jibu la swali hilo, na inatuuma kuona familia ikikesha nayo kana kwamba ni hukumu.

PD-L1 ni protini inayokaa juu ya seli. Ikishikana na PD-1 iliyo kwenye seli za kinga, hufanya kazi ya breki, na mashambulizi hupoa. Mwili unaihitaji ili kinga isiugeukie wenyewe. Saratani nayo huitumia kujikinga. Tasuku Honjo wa Japani, aliyeigundua PD-1, na James Allison wa Marekani, aliyeshughulikia CTLA-4, breki nyingine ya kinga, walitunukiwa Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha kwamba kuachia breki hizo ni tiba.

CPS, yaani ile namba ya kiasi cha PD-L1, tunaipata kwa darubini. Tunahesabu seli zilizoshika rangi ya PD-L1, za saratani na za kinga zilizo jirani nazo, tunagawanya kwa seli zote hai za saratani, kisha tunazidisha kwa 100. Haipimi ukubwa wa uvimbe wala hatua ya ugonjwa.

Kuhusu urefu wa maisha, tafiti zimepingana: nyingine zimeona PD-L1 nyingi ikiambatana na vifo vya mapema, nyingine kinyume chake. Saratani za tumbo zenyewe hazifanani. Zile zenye virusi vya Epstein-Barr, kwa mfano, huwa na PD-L1 nyingi, lakini pia hujaa seli za kinga. Kwa hiyo hatumtabirii mtu kwa namba hii. Hatua ya ugonjwa ina uzito zaidi.

Inapofaa hasa ni kwenye kuchagua dawa. Katika utafiti wa CheckMate 649, kwa wagonjwa wa CPS 5 na zaidi ambao saratani yao ilikuwa imeshasambaa au haiwezi kupasuliwa, wastani wa kati wa kuishi (muda ambao nusu ya wagonjwa waliuvuka) ulikuwa miezi 14.4 kwa nivolumab, dawa inayoachia breki ya PD-1, pamoja na kemotherapia, na 11.1 kwa kemotherapia peke yake.

Kipimo kinahitaji angalau seli hai 100 za saratani, na PD-L1 haitawanyiki sawasawa kwenye uvimbe. Mwombeni daktari wa endoskopi, anayeingiza kamera tumboni, achukue vipande kadhaa vya uvimbe, vitumbukizwe papo hapo kwenye formalini, maji ya kuhifadhia vipande hivyo. Kama kinyama cha mwanzo kilihifadhiwa kwenye nta, tuulizeni kwanza. Huenda mgonjwa asihitaji kumeza kamera tena.