Moduli ya printa iwe nyembamba

Mhariri,

Wafanyabiashara wengi wanaotoa risiti kwa simu hutumia printa ndogo za Bluetooth za karatasi ya milimita 58. Programu zao mara nyingi huandikwa kwa Flutter au React Native, zana za kuandika programu moja kwa Android na iPhone, ambazo peke yake haziongei na printa. Lazima ziandikiwe moduli, yaani kipande cha msimbo kinachoongea na printa, kwa lugha ya Kotlin kwa Android na ya Swift kwa iPhone. Hapo ndipo mafundi wengi hukimbilia maktaba iliyofungwa ya muuza printa, yenye faili za .so (msimbo uliokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine) zisizo na msimbo chanzo. Risiti inatoka, fundi analipwa, tatizo linabaki kwa mwenye duka.

Tangu 1 Novemba 2025, Google Play inataka programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 kwenda juu yakubali kurasa za kumbukumbu (vipande ambavyo mfumo wa simu hugawia kumbukumbu) za KB 16. Faili ya .so iliyopangwa kwa KB 4 inabidi iundwe upya. NDK, zana ya Google ya kuundia faili hizo, toleo la 28 huipanga kwa KB 16 bila kuambiwa. La 27 linahitaji kuamriwa. Asiye na msimbo atafanya nini? Atamsubiri muuzaji. Ukaguzi ni rahisi: endesha amri ya llvm-objdump -p juu ya faili, na kila mstari wa LOAD katika faili za biti 64 usomeke align 2**14 (yaani KB 16) au zaidi.

Linaloniuma ni kwamba maktaba hiyo kwa kawaida haihitajiki kabisa. Printa hizi nyingi huelewa ESC/POS, lugha ya amri za printa za risiti, yaani baiti tupu: 1B 40 kuanza upya, 1B 61 01 kuweka maandishi katikati, 0A kushuka mstari. Upana ni nukta 384, herufi 32 za kawaida. Panga risiti yote kwenye Dart (lugha ya Flutter) au JavaScript (ya React Native), moduli ibaki na kazi tatu: kuorodhesha printa zilizokwisha kuoanishwa, kufungua muunganisho, kupeleka baiti. Moduli ya namna hiyo fundi yeyote ataisoma na kuirekebisha.

Kwenye Android, kufungua muunganisho husimamisha thredi (mkondo wa kazi ndani ya programu) inayoufungua mpaka printa ijibu au ishindwe. Ukiufungua kwenye thredi kuu, inayoendesha skrini, skrini inaganda na mtumiaji anaambiwa programu haijibu. Fanya kazi hiyo kwenye thredi nyingine, kisha rudisha jibu la Flutter kupitia thredi kuu, mara moja tu. Jibu la pili huiangusha programu. Kuanzia Android 12 omba ruhusa ya BLUETOOTH_CONNECT programu ikiwa inaendelea, maana kuitaja kwenye manifesti (faili ya maelezo ya programu) pekee hakutoshi. Picha ya nembo ipeleke vipande vipande, baiti 512 kwa mfano, na upumzike kidogo kati ya kipande na kipande, kwa kuwa bafa (kumbukumbu ya muda) ya printa ya bei nafuu ni ndogo na ikijaa hutoa herufi za ovyo. Usifunge muunganisho mara tu baada ya kuandika, la sivyo mistari ya mwisho, yenye jumla ya fedha, itakatika.

iPhone haifungui Bluetooth ya kawaida ya kupeleka data kwa mfululizo (SPP) kwa kifaa kisichoidhinishwa na Apple. Kwa hiyo printa iwe na BLE (Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme) pia, na hilo liulizwe kabla ya kununua.

Kwa wanaoagiza programu: msilipie toleo la majaribio (debug). R8, zana ya Android ya kupunguza ukubwa wa programu, inaweza kubadilisha majina ya madarasa (class) ya msimbo au kuyaondoa kwenye toleo la kutolewa (release), hivyo maktaba iliyofanya kazi mezani kwa fundi inaweza kuanguka dukani. Takeni toleo la kutolewa, lijaribuni kwenye simu ya bei ya chini ya biti 32 na nyingine yenye Android 12 au zaidi, mzime printa katikati ya risiti, muwashe tena na kuchapa upya bila kufunga programu. Na msimbo chanzo wa moduli uandikwe kwenye mkataba kuwa ni mali yenu.

Mtengenezaji wa programu za simu,
Mwanza