Barua kwa mwanangu: bibi yako hayumo kwenye picha ya harusi yake

Mwanangu kipenzi,

Asalaam alaykum. Meseji yako nimeiona jana baada ya isha, ile unayotaka nikutumie picha za harusi ya bibi na babu na ile yetu mie na babaako upate kuzitia kwenye vidio ya harusi yako, nimefurahi mpaka usingizi ukanikataa, nikalivuta lile sanduku la bati chini ya kitanda nikakaa nazo mpaka karibu ya alfajiri. Ntakutumia zote. Lakini kuna mambo lazima nikuandikie mwanzo, maana ukizitazama hivi hivi hutoona kitu.

Ya bibi na babu ni moja tu, nyeusi na nyeupe, inaenea kwenye kiganja, pembeni imekatwa vimeno vimeno kama picha za zamani zilivyokuwa. Wamo wanaume kumi na nne na bibi yako hayumo. Nlipokuwa mdogo nkimuuliza wewe upo wapi ananambia "mie nimo ndani ya nyumba hiyo," na anaweka kidole kwenye dirisha la nyuma lililofungwa. Miaka yote ndo jibu lake.

Hiyo ni mwaka 1963, miezi michache kabla ya Mapinduzi. Wanaume wametoka msikitini kwenye nikaha, babu yako yupo kati kavaa joho na kilemba na jambia kiunoni, joho la kuazima lakini, na mkono wa kulia kashika bakora kama hajui aiweke wapi. Aliyepiga ni jamaa yao aliekuwa na kamera, na mwanamme wakati ule hata awe jamaa hakuingia kwa bibi harusi na kamera, haikuwa hata jambo la kujadiliwa. Sasa tazama chini ya miguu yao upande wa kushoto, kuna kama udongo mweusi umetandazwa. Mie mpaka nimemaliza skuli nkijua ni udongo. Ni karafuu mwanangu, zipo kwenye majamvi zinakauka. Harusi ilingoja karafuu, babu alichuma msimu mzima apate mahari na la kuwalisha watu, na huku Pemba harusi nyingi zilikwenda hivo, mikarafuu ikizaa watu wanaoa na isipozaa wanangoja mwaka mwengine. Bibi anasema mpaka leo akisikia harufu ya karafuu mbichi juani tumbo linamkata kama siku ile.

Na ndani ya lile dirisha kulikuwa na nini? Hilo ndo ninalotaka ulijue. Bibi yako alikuwa kakaa ndani siku saba, kungwi wake anamsugua singo, ule msuguo wa manukato wa bibi harusi, asubuhi na jioni mpaka ngozi inateleza, ana hina mikononi na miguuni, ana kikuba, kishada cha asumini na rehani na kilua, kafunikwa kisutu, ile nguo ya bibi harusi, kichwa mpaka miguu na joto lile, chini ya kitanda wamefukiza udi. Alimuona babu mara moja tu maishani, dukani, na hakumtazama usoni. Akasikia miguu inakuja mlangoni, ni babaake na mashahidi wawili, wamekuja kumtaka idhini kabla ya kwenda msikitini. Babaake akamuuliza, kimya. Akamuuliza tena, kimya. Mara ya tatu sauti ya mzee ikatetemeka, na bibi anasema hapo ndo alipolia, si kwa kuwa hataki, hakuwahi katika umri wake kuisikia sauti ya babaake ikitetemeka. Akasema ndio, pole pole, kungwi ndie alieirudia kwa sauti wapate kusikia. Haya yote hayamo kwenye picha, ile picha inaonesha wanaume wanakula halua na kunywa kahawa.

Ipo nyengine, ya studio. Miezi mitatu baada ya harusi babu alimchukua bibi mpaka Unguja, wakaenda kupiga picha Mji Mkongwe. Studio za mjini enzi hizo nyingi za Wahindi, inayojulikana zaidi ni ile Capital Art Studio iliyoanza 1930, mwenyewe Ranchhod Oza akimpiga picha mpaka Sultani, lakini kama walikwenda hapo au kwengine sikwambii maana muhuri wa nyuma umefutika na bibi anakumbuka ngazi tu. Kakaa kwenye kiti, ushungi umeshuka mabegani, nyuma pazia limechorwa maua, na mkononi ana saa kubwa imempanda karibu ya kiwiko. Saa ya babu, alimvisha yeye mwenyewe kabla ya picha. Na macho yake mwanangu, ni yako, hayo hayo.

Yetu sasa. Ni 1987, na sikiliza, hii bado inaniuma. Mpiga picha alikuja na filamu mbili za picha 36 kila moja, tukangoja mwezi mzima zisafishwe mjini, zikarudi picha 22. Filamu moja iliingia mwanga, nyengine baadhi yake nyeusi kwa kuwa umeme kwetu haukuwepo, huu wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga umekuja 2010, sie tulikuwa na taa za karabai tatu na moja ilizimika. Nililia kuliko nilivyolia siku ya harusi. Hakuna hata moja ya babu yako ananishika kichwa kuniombea dua kabla sijatoka kwao. Ilipigwa, niliuona mwanga wa flashi, ikaungua.

Lakini katika hizo 22 ipo moja naiona bora kuliko zote na utadhani imeharibika. Babaako yupo mlangoni, kakonda yule, shanga za jasho usoni, na mbele yake wanawake wamemzuia wanataka pesa ya kifungua mlango, na pembeni kabisa unaingia mkono mmoja una bangili, kiganja kimefunguliwa, mtu mwenyewe haonekani. Ule mkono ni wa shangazi yangu. Ndie alienilea mama alipokuwa mgonjwa, ndie alienifunga kanga ya kwanza, kafariki mwaka uliofuata na hakuwahi kupiga picha hata ya kitambulisho. Tunao mkono huo tu. Tafadhali usimruhusu huyo kijana wa vidio akaukata kwa kusema unaharibu picha.

Za kwetu nilizitia kwenye albamu ya kunata, nilidhani nazihifadhi na kumbe ile gundi inazila, zimegeuka manjano. Zitakapokufikia usizibandue kwa kucha, mie nimechana moja. Pitisha uzi mwembamba chini yake, pole pole, ikigoma iache, ipige picha pale pale ilipo karibu na dirisha bila flashi.

Nimemuuliza bibi kuhusu ile ya studio. Kafikiri sana kisha kasema hiyo isiwekwe kwenye ukumbi wa wanaume, wala isirushwe WhatsApp, lakini usiku wa wanawake mkishazikusanya simu zao itoe, waione wote. Akasema tena na saa ionekane. Kwa hiyo hiyo sikutumii kwa simu, ataileta mjombaako kwa boti ya Alhamisi, nimeifunga kwenye kitambaa nikaitia ndani ya kisutu chake, nimemwambia aishike mkononi asiitie kwenye begi. Kisutu ni chako. Picha ukishaiskani mpe mjomba airudishe siku hiyo hiyo, maana tangu nimeitoa kwenye sanduku bibi ananiuliza kila baada ya sala ipo wapi.

Mamaako
Wete