Huyu si komba, shoga yangu

Shoga Mwanaidi,

Habari za Tanga? Mie mzima ila miguu inaniwasha, ruba wa huku hawana adabu kabisa, nimechomeka suruali ndani ya soksi na bado mmoja nikamkuta kiunoni kashashiba zamani. Niko Andasibe huku Bukini, yaani Madagaska, kama kilomita 150 hivi mashariki ya Antananarivo, mvua haikatiki na nguo hazikauki.

Sasa lile swali lako la kwenye voisi kuhusu hawa indri niliokuja kuwatazama, eti "si komba tu hao?" Nilicheka maana na mie nilikuja na hilo hilo kichwani, nikamuwaza komba wa minazini kwa bibi, yule anayeshuka usiku kwenye tembo la watu akalewa. Ukoo upo wa mbali, sikatai, lakini huyu indri mambo yake mchana, usiku analala kama watu. Halafu ni pande la mnyama, anafika kilo 9 na katika lemuri, jamii ya hawa wanyama wa mitini wa hapa Bukini, hakuna mkubwa kumzidi. Mweusi kwa mweupe, masikio duara yamejaa manyoya kama ya mdoli wa dubu. Mkia ndo hana! Kijipande tu kama sentimita 5, ukimtazama kwa nyuma unadhani umekatwa.

Siku ya kwanza tumeingia msituni saa kumi na mbili, tunatembea, kimya, nishaanza kujutia hela yangu. Ilipofika saa mbili na kitu, juu ya vichwa vyetu mmoja akaunguruma, halafu wote wakapokea, sauti ndefuuu inapanda inashuka, mara kama king'ora, mara kama mtu anajifunza tarumbeta, mara kama kilio cha msibani. Malaika yalinisimama wallahi. Ni familia nzima inaimba, baba, mama na watoto, kuwaambia majirani hapa pana wenyewe, na inasikika zaidi ya kilomita 2. Walipomaliza tu, ng'ambo ya bonde wengine wakajibu. Kuna watafiti walitoa kazi yao 2021 wakasema mapigo ya nyimbo zao yanafuata mpangilio kama wa muziki wetu binadamu, na mie niliyekuwa nimesimama pale chini sishangai.

Kuruka sasa. Anakumbatia shina wima, anajisukuma kwa miguu ya nyuma, anageuka hewani, pah, kashashika shina jingine mita kadhaa mbele, na kitoto kimeng'ang'ania mgongoni hakina habari.

Na utapenda hii: mwanamke ndo mwenye nyumba. Mama anakula majani machanga ya juu kwanza, baba anasubiri matawi ya chini, niliyemuona mie alijisogeza kidogo akala kofi akarudi zake. Nikamkumbuka shemeji yangu, usimwambie.

Wenyeji wanamwita babakoto, baba yake Koto. Hadithi ziko nyingi, moja kijana alipanda mti kurina asali, nyuki wakamvamia akaanguka, indri akamdaka. Ndo maana kumla ni fady, yaani mwiko. (Lugha yao ina vyetu humo, ng'ombe ni omby, mbwa amboa, nilibaki mdomo wazi.) Ila njaa haijui mwiko, siku hizi wapo wanaomuwinda, na msitu unachomwa kupata shamba la mpunga, unakatwa mkaa. Mama mwenyewe anazaa mmoja tu kila miaka miwili mitatu. Na usiseme basi wafugwe, wamejaribu sana huko nyuma, wanakufa, hakuna zoo hata moja duniani yenye indri.

Nimerekodi lakini mvua imeingia kwenye simu, nusu ni shwaaa tupu. Nikipata mtandao mzuri mjini nakutumia, usiisikilize usiku, mama yako atatoka na panga.

Wako,
Rukia