Fidia ya jeraha na kodi: someni kabla ya kusaini

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe ndugu zetu walioko Marekani, hasa madereva wa malori na wafanyakazi wa maghala, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa.

Kifungu cha 104 cha sheria ya kodi ya mapato ya huko kinasamehe fidia ya jeraha la mwili. Ukigongwa ukavunjika mguu, malipo ya maumivu na hata ya mshahara ulioupoteza kwa sababu ya mguu huo hayatozwi kodi. Ila kama gharama za hospitali ulishazitumia kupunguza kodi miaka ya nyuma, fungu hilo hutozwa.

Kinachoniuma ni hali ya walioumizwa akili. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliubana msamaha huo ubaki kwa majeraha na maradhi ya mwili tu. Aliyenyanyaswa kazini mpaka akakosa usingizi anakatwa kodi kwenye fidia yake, isipokuwa sehemu iliyolipia matibabu. Huo ni uonevu, na ungefaa kurekebishwa.

Fidia ya kumwadhibu mkosaji nayo kwa kawaida hutozwa kodi, hata kama mfupa ulivunjika kweli. Riba inayolipwa juu ya fidia vilevile. Kwa hiyo makubaliano ya fidia yakiandika jumla moja tu, mnaiachia IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, iamue kipi ni kipi. Mwambieni wakili atenganishe kila fungu kwa maandishi kabla hamjatia sahihi.

Msomaji wako,
Houston, Texas