YAH: Kibali cha upasuaji wa dharura mlichokataa, na dai la mgonjwa wa moto mlilolikata

Kwa Meneja wa Madai,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mwanachama wenu wa bima ya afya aliungua saa 10 jioni, petroli ya injini ya mtumbwi ilipolipuka kambini Ukerewe. Saa 2 usiku tulimpokea: kifua na tumbo, mikono yote miwili kuizunguka, shingo na uso. Asilimia 40 ya mwili. Saa 2:20 tuliomba kibali. Saa 3:45 ofisa wenu akajibu kwa simu: "Ngozi siyo dharura. Huo ni upasuaji wa urembo, leteni fomu Jumatatu."

Urembo!

Ngozi iliyoungua kwa kina hugeuka ganda gumu lisilotanuka. Chini yake maji yanajaa, uvimbe unakosa pa kwenda, unabana mishipa ya damu. Likiwa kifuani, mbavu hazinyanyuki hata mashine ikisukuma hewa. Dawa yake ni kulichana kwa kisu hadi kwenye mafuta: mbavuni pande zote mbili, mstari wa kuunganisha chini ya kifua, na mikononi ndani na nje. Ni kazi ya dakika. Misuli iliyokosa damu saa 6 huanza kufa.

Sasa mmekata na dripu. Tulidai chupa 19 za nusu lita za Ringer (maji ya chumvichumvi ya mshipani), mmelipa 6, eti "matumizi yamezidi". Pigeni hesabu wenyewe: mililita 4 mara kilo 60 za mgonjwa mara asilimia 40 iliyoungua ni mililita 9,600 kwa saa 24. Nusu huingia katika saa 8 za kwanza, zinazohesabiwa tangu kuungua, si tangu kufika mapokezi. Saa 4 zilikwishaishia ziwani. Mkojo tuliupima kila saa, tukitafuta walau mililita 30.

Turudi kwenye simu ile, kwa sababu majibu yenu ya barua pepe yameiruka. Wakati ofisa wenu anatamka "urembo", mgonjwa alikwishawekewa mpira wa kupumulia (masizi yalikuwa puani, sauti imekauka), mashine inalia kwa presha ya hewa kupanda, vidole vya kushoto baridi, mapigo ya kiganja hayasikiki. Tulimweleza yote hayo. Akasema: "Jumatatu." Ilikuwa Ijumaa. Tulichana saa 4 usiku bila kibali chenu. Kifua kilifunguka palepale. Vidole viwili havikurudi.

Na ICU mmeidhinisha siku 2, wakati uvimbe ndiyo kwanza unafika kileleni, maambukizi bado hayajaanza na ngozi ya kupandikiza haijachunwa.

Tunaomba dai lote lilipwe ndani ya siku 14, na mgonjwa aombwe radhi kwa maandishi. Pia simu ya vibali usiku ishikwe na daktari. Gharama za kukatwa vidole na mazoezi ya mkono nazo ni zenu. Na kwa kuwa Jumatatu yenu mliiona karibu, siku 14 tunazifuta: ni 7. Ya nane faili linakwenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima, rekodi ya simu ikiwemo.

Wenu katika kazi,
Timu ya upasuaji na ICU

Viambatisho: chati ya mkojo ya kila saa, picha za mkono kabla na baada ya kuchana.