Rili ya Juu kwa Mvuvi wa Ufukweni: Kurusha Chubwi au Kupeleka Chambo kwa Puto

Wateja wengi wanaofika dukani kwetu hapa Mtwara kutafuta rili ya juu, yaani ile inayokaa juu ya fimbo na ambayo ngoma yake (kile kigurudumu kinachoviringishiwa mshipi) huzunguka mshipi unapotoka, huuliza kwanza ni ipi iliyo kubwa na yenye nguvu kuliko zote. Sisi huwauliza nao: chambo chako kitafikaje kilindini? Anayerusha chubwi kwa nguvu za mikono yake, na anayefunga chambo chini ya puto ili upepo ukipeleke mbali, wanahitaji mambo yanayopingana, na rili inayomfaa mmoja mara nyingi humtesa mwenzake.

Fimbo inapopigwa, chubwi huondoka kwa kasi na kuizungusha ngoma. Punde mwendo wa chubwi hupungua hewani, lakini ngoma huendelea na kasi yake ya mwanzo, ikatoa mshipi mwingi kuliko unaovutwa, na mshipi huo uliozidi hujisokota ukawa fundo ambalo wakati mwingine haliondoki ila kwa kisu. Ngoma nzito na pana, iliyojaa mamia ya mita za nailoni, huwa ngumu kuianzisha na ngumu zaidi kuizuia. Kwa hiyo anayerusha tunamshauri achukue ngoma nyepesi ya alumini, isiyo pana, yenye breki ya kurushia, ile inayoipunguzia ngoma kasi wakati wa kurusha. Ziko breki zinazotumia vipande vidogo ambavyo mzunguko huvisukuma nje vikasugua ukingo, na ziko za sumaku. Tunazipendelea za sumaku, kwa kuwa nyingi hurekebishwa kwa kitufe cha nje bila kufungua kifuniko, jambo lenye maana kubwa kwa mtu aliyesimama mchangani huku kusi ikimvumia usoni. Anayejifunza aanze na sumaku ikiwa karibu na kiwango cha juu, kisha apunguze kidogo kidogo. Hata hivyo, chubwi likigusa maji ni lazima kidole gumba kiisimamishe ngoma. Breki hiyo haitamfanyia kazi hiyo.

Uvuvi wa puto hautaki kurusha, bali unataka upepo utokao nchi kavu. Katika pwani yetu upepo huo ni umande, unaovuma usiku wa manane hadi asubuhi mapema kwa sababu ardhi hupoa upesi kuliko bahari, na ambao hufa jua likishapanda. Miezi ya kusi, takriban Aprili hadi Oktoba, ufuko unaotazama kaskazini huweza kupata upepo wa kutoka nchi kavu kwa muda mrefu zaidi, ilhali unaotazama mashariki hurudishiwa puto lake miguuni. Umande mara nyingi ni mwepesi, na ndiyo sababu tunasisitiza jambo ambalo wanunuzi hulipuuza: ngoma ikishafunguliwa izunguke kwa ulaini kabisa, na sumaku iweze kuondolewa hadi sifuri. Ngoma inayokwama kidogo hulisimamisha puto karibu na ufuko, na muda wa umande ukapita bure.

Kisha kuna wingi wa mshipi. Chambo kikiwa mita 200 kutoka ufukweni, na kolekole mkubwa au papa akaondoka na mita 150 nyingine, rili yenye mita 300 imekwisha. Rili iliyoandikwa mita 300 za nailoni ya milimita 0.50 hupokea takriban mita 470 za nailoni ya milimita 0.40, kwa hiyo unene wa mshipi usomwe pamoja na ukubwa wa rili. Uzi wa kusuka ni mwembamba na hukaa mwingi zaidi, lakini ukisugua matumbawe hukatika upesi. Wakati wa bamvua, ambapo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, mshipi huburutwa juu ya miamba iliyofichuka. Kwa hiyo anayetaka uzi wa kusuka tunamwekea nailoni chini yake ili usiteleze kwenye ngoma, na nailoni nene mbele ya ndoana. Anayerusha naye anahitaji kipande cha mbele chenye nguvu: kwa chubwi la gramu 150, kisipungue kilo 23, la sivyo mshipi utakatika fimbo inapopigwa na chubwi likaruka kuelekea watu.

Breki ya samaki, ile inayomruhusu avute mshipi, ndiyo tunayoichunguza kuliko kitu kingine chochote kabla ya kuagiza mzigo. Kwa nailoni inayohimili kilo 15 iwekwe kati ya kilo 4 na 5, ipimwe kwa mizani ya ndoana ngoma ikiwa imejaa. Lakini mshipi unavyotoka, ngoma hupungua kipenyo na breki huzidi kukaza yenyewe: ikiwa kipenyo kimetoka sentimita 8 hadi 4, kilo 4 zimekuwa 8. Samaki akiwa mbali sana, mvuvi alegeze, asikaze. Rili za wenzo, ambazo breki ya samaki hurekebishwa kwa kusogeza wenzo, hurahisisha marekebisho hayo na zinafaa sana kwa puto, ila nyingi hazina breki ya kurushia. Rili za nyota, ambazo breki hiyo hukazwa kwa gurudumu lenye umbo la nyota, huwa nyepesi zaidi na hurushika vizuri.

Kwa anayetaka rili moja tu ya kazi zote mbili, ushauri wetu ni rili ya nyota ya ukubwa wa kati, yenye sumaku, fremu ya alumini, na nafasi ya mita 350 hadi 400 za nailoni ya milimita 0.45. Haitarusha mbali kama ile ndogo, na haitatosha kwa papa mkubwa, lakini kwa kolekole na nguru inatosha. Uwiano wa gia wa 5 kwa 1, yaani ngoma huzunguka mara tano kila mkono wa rili unapozungushwa mara moja, unafaa. Wa juu zaidi hukusanya mshipi upesi, lakini huuchosha mkono samaki mzito anapogoma.

Puto lifungwe kwa namna itakayolirudisha pamoja na mshipi, kwa sababu kasa huyameza maputo yanayoelea, na kasa hutaga mayai katika fukwe zetu. Anayekusudia kuvua Msimbati, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, aulize kwanza kibali kwa wasimamizi wa hifadhi.

Baada ya kuvua, rili isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi yanayotiririka polepole, kwa kuwa maji ya kasi husukuma chumvi ndani, kisha breki ya samaki ilegezwe kabisa kabla ya kuiweka. Rili zinazonunuliwa kwetu tunazijazia mshipi ukiwa umevutwa kwa nguvu, hadi milimita 2 au 3 chini ya ukingo wa ngoma. Mteja aje na fimbo yake, ili tuone kama pete zake na kiti chake vinaafikiana na rili aliyoichagua.